Zimamoto Hastaafu

Trans-Siberian Orchestra haitoki Siberia hata kidogo. Ni bendi ya Wamarekani, imetokana na kundi la metali, yaani roki nzito, la Florida liitwalo Savatage, na tangu 1996 kazi yao kubwa ni kuzichukua nyimbo za Krismasi, zile tulizoimba shuleni kwa sauti ya kubembeleza, na kuzipiga kwa magitaa ya umeme mpaka meno yakutetemeke. Walianza ziara 1999, na wateja wakazidi hata bendi ikagawanywa makundi mawili: moja huzunguka mashariki ya Marekani, jingine magharibi. Nilipomweleza hayo baba mkwe wangu, alitikisa kichwa. "Yaani bendi ina mitara," akasema.

Mimi niliwajua kupitia taa. Huku kwetu Ohio, katika mji wa Mason, kuna bwana aitwaye Carson Williams aliyezifunga taa za Krismasi nyumba nzima, akaziamrisha kwa kompyuta zicheze kwa kufuata muziki wa hawa jamaa. Video yake ilisambaa dunia nzima mwaka 2005. Nyumba yangu ina taa moja ya barazani, nayo huwaka ikipenda.

Basi mke wangu akanunua tiketi za kuwaona Cleveland, kaskazini mwa Ohio, onyesho la saa tisa alasiri, kwa maana siku nyingine hupiga mara mbili, mchana na usiku. Alinunua tatu. Baba yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa.

Lazima nimweleze kidogo Mzee. Alifanya kazi ya zimamoto bandarini Kilindini mpaka akastaafu, kwa karatasi tu. Alipofika kwetu, kabla hajanywa chai, alikwisha kulikagua jiko, akatoa betri ya king'ora cha moshi na kuijaribu kwa ulimi. Halafu akaniuliza familia yangu hukusanyikia wapi moto ukizuka. Nikamjibu, sebuleni. Hakunisemesha tena mpaka chakula cha usiku.

Tukaingia ukumbini, uwanja mkubwa wa michezo, viti vyetu juu kabisa. Mzee alivaa suti, tai, sweta mbili, na mfukoni tochi yake ndogo ambayo haachani nayo hata msikitini. Alipoketi alitazama huku na huku midomo ikimchezacheza. Nikadhani anaomba dua. Alikuwa anahesabu milango.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Akatoka msimulizi mwenye sauti nzito, akaanza kisa cha malaika aliyetumwa duniani usiku wa kuamkia Krismasi. Mzee akasikiliza kwa adabu. Akaja dada wa fidla, anakimbia kutoka pembe hii ya jukwaa hadi ile, nywele zinaruka, upinde haukosei hata mara moja. Mzee amekulia katika taarabu, ambako mpiga fidla huketi, akatulia, hata jasho haruhusiwi kulionyesha.

"Mbona akimbia?" akaniuliza. "Adaiwa?"

Ikamwagwa theluji ya bandia kutoka darini. Mzee akaipangusa begani. "Nje ipo bure," akasema, na hapo sikuwa na la kumpinga.

Mimi nilikuwa nausubiri wimbo mmoja tu, ule wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia. Wameusuka kutokana na wimbo wa zamani wa Krismasi wa Waingereza na ule wa kengele wa Mykola Leontovych wa Ukraine, na chanzo chake ni habari za Vedran Smailović, mpiga selo (fidla kubwa ya sauti nzito) aliyekuwa akipiga ala yake kwenye vifusi vya Sarajevo mji ukiwa umezingirwa. Nimeusikiliza garini, kazini, hata nikipiga pasi. Kuusikia mbele ya macho yangu ndiyo ilikuwa safari yenyewe.

Ndipo moto ukalipuka jukwaani. Ndimi ndefu kupita watu watatu waliopandiana mabegani, na joto likatufikia usoni huko huko juu. Ukumbi mzima ukashangilia, isipokuwa kiti kimoja.

"Wauona moto ule?"

"Ni wa makusudi, Baba."

"Moto hauna makusudi."

Ukaja moshi. Nikamwambia ni wa mashine. Akanusa. "Gesi," akasema, na sauti ilikuwa imekwisha kubadilika, si ya mgeni tena. Mionzi ya leza ikakatiza, moto ukalipuka upya, safari hii mistari miwili, Mzee akasimama na kuwasha tochi.

Sasa, msomaji, wewe ungefanyaje? Baba wa mke wako humvuti koti. Humwambii "kaa chini" mbele za watu. Nilisimama na mimi. Mke wangu, aliyemzoea tangu utotoni, hakugeuza hata shingo. Alisogeza magoti tupite.

Kando yetu aliketi bibi mmoja wa Kizungu mwenye mkongojo. Mzee akamwinua kwa kiwiko na kumwambia aende polepole, asikimbie, asirudi kuchukua kitu. Kiingereza cha Mzee ni cha bandarini: maneno machache, yote amri. Bibi akatii. Baba mmoja na watoto wake na bakuli la bisi wakatii. Wasichana waliovaa kofia nyekundu wakatii. Suti, tai, tochi. Nani angejua kuwa huyu si mfanyakazi wa ukumbi? Safu nzima ikatoka nyuma ya Mzee, nami mwisho, nimebeba mkoba wa bibi na bisi za watoto.

Nje, kwenye ujia, aliwapanga ukutani na kuwahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja.

"Nimetoa kumi na wawili," akasema. "Mmoja kabaki ndani."

Akaelekea mlangoni kumfuata. Nikamkinga mbele kwa heshima zote, yaani nilisimama njiani huku nikitazama viatu vyake. Na hapo hapo, nyuma ya mlango ule, ukaanza. Selo kwanza, peke yake. Wimbo wangu. Naye mhudumu wa mlango alikuwa ameufunga, akitaka kuona tiketi, na tiketi zilikuwa kwa mke wangu.

Yule wa kumi na mbili akatokea na bia mkononi. Alifuata foleni akidhani ni ya bia, alipoona siyo, akaitafuta mwenyewe. Mzee akamkemea vikali. Jamaa akaomba radhi.

Walinzi wakaja na redio zao, wakamwita afisa wa zimamoto aliyekuwa zamu. Nilidhani sasa tunafukuzwa. Nikatafsiri nikitetemeka. Yule afisa hakucheka. Akaeleza kuwa maonyesho ya namna hii huhitaji kibali, na kwamba kuna mtu kazi yake ni kuutazama ule moto tu, tayari kuukata. Akataja Rhode Island, mwaka 2003, ambapo fataki za bendi ziliwasha klabu ya usiku na watu 100 wakafa. Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akamuuliza mipira yao ya maji ina upana gani.

Hapo ndipo nilipopoteza matumaini. Wazimamoto wawili wakizungumzia mipira, na katikati yao mkalimani asiyejua jina la kifaa hata kimoja, kwa lugha yoyote ile. Selo ikapokewa na magitaa, magitaa yakapokewa na ngoma, ukumbi ukanguruma, ukanyamaza. Bibi akanipigapiga begani na kuomba mkoba wake.

Tukitoka Cleveland, Mzee alichukua simu. Mombasa ilikuwa saa nane za usiku. Alianza na mwenzake wa zamani wa bandarini: watu kumi na wawili, hakuna majeruhi. Tulipokaribia Mansfield alikuwa akizungumza na kaka yake, na waliookolewa wamefika thelathini, mmoja wao mtoto mchanga. Columbus ilipoonekana alikuwa kwa dada yake, na ulikuwa umetolewa ukumbi mzima.

"Muulize mkwe wangu, alikuwepo," akasema, akanisogezea simu sikioni.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema.

Shangazi, aliyeamshwa usingizini, akauliza muziki wenyewe ulikuwaje. Mzee akaipokonya simu.

"Muziki? Nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza muziki?"