Interlude: Halifax walinikataza, Michenzani wakanicheka

Kwenye mlango wa ofisi ninayofanyia kazi pamebandikwa karatasi iliyotiwa plastiki, ina picha ya chupa ya manukato iliyopigwa mstari mwekundu. Mwanzo sikuitilia maanani. Nilikuwa na wiki mbili tu Kanada, na asubuhi ile nilijipulizia Interlude, manukato ya kampuni ya Amouage ya Omani, mara nne, mbili shingoni na mbili mikononi, kama mtu anayekwenda harusini. Kabla ya saa nne mkuu wangu wa kazi akaniita pembeni. Alikuwa mpole mno, upole wa kutisha. Akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna kitu kimeungua.

Halifax ni mji unaojulikana Kanada nzima kwa habari hii. Hospitali, vyuo, maofisi, kote unaombwa uje bila kunukia, kwa sababu wapo wenye pumu na wapo ambao harufu kali huwaamshia kipandauso. Sina ugomvi na mwenye pumu. Mamangu mwenyewe anayo, na moshi wa ubani tulikuwa tunaufukiza akiwa ametoka. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikaiweka chupa juu ya friji na kuitazama kama mtoto aliyenitia aibu mbele ya wageni.

Sasa niieleze hiyo chupa, maana wengi wameisikia tu. Interlude ya kiume ilitoka 2012, aliyeitunga ni Pierre Negrin. Chupa ya buluu iliyokoza, kifuniko chake kimefuata umbo la mpini wa khanjar, lile jambia la Kiomani. Wapenzi wa manukato huko ughaibuni wameipa jina la mnyama wa buluu, na hawakukosea sana. Ukiipuliza, cha kwanza kinachokurukia ni oregano. Naam, yale majani ya kwenye pizza. Nyuma yake kuna bergamoti kidogo, tunda la jamii ya machungwa, halafu pimento, tunda la viungo ambalo ndani yake mna yujenoli, kitu kile kile kinachoifanya karafuu iwe karafuu. Kwa hiyo mtu wa Unguja au Pemba ananusa mara moja anasema, hee, hapa pana karafuu, na haipo.

Hizo ni dakika kumi za vurugu. Baadaye moshi unapanda. Ubani, na opoponaksi ambayo ni ndugu wa manemane, na labdanamu, ile lami tamu inayofanya harufu iwe nzito kama asali iliyoachwa juani. Inakaa hivyo kwa saa kadhaa. Halafu, kama umevumilia, unabaki na ngozi, udi, majani ya pachuli na sandali, na hicho kipande cha mwisho ndicho kilichonifanya nikainunua. Shati nililolivaa Jumatatu lilikuwa bado linazungumza Alhamisi. Amouage wenyewe waliiuza kwa hadithi ya machafuko yanayozaa utulivu, na kwa mara hii moja maneno ya wauzaji yanafanana na kilichomo ndani.

Wanaoiandikia kwa Kiingereza husema ni manukato magumu, ya kujifunza taratibu, hayavaliki. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Hayavaliki na nani? Mimi niliikuta Maskati, kwa ami yangu, mmoja wa Wazanzibari wengi waliohamia Omani ambao mpaka leo wakigombana nyumbani wanagombana kwa Kiswahili. Amouage ilianzishwa huko mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultani Qaboos kwamba ufundi wa manukato wa Omani usife. Yeye alikuwa wa ukoo ule ule wa Busaidi uliotawala Unguja mpaka 1964. Ami alinipulizia kwenye mkono, akacheka, akasema, "Nusu yake ni chumba cha bibi yako." Na kweli. Kilichokuwa kigeni kwangu ni oregano peke yake. Ubani wa Dhofari, kusini mwa Omani, udi, sandali, hivyo nilivifahamu kabla sijajua kusoma.

Tofauti iliyopo baina ya huku na kwetu haiko puani. Iko kwenye swali la harufu ni mali ya nani. Kwetu harufu anapewa mgeni. Ukiingia harusini unanyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa mrashi, na kabla hujaondoka chetezo kinapita mkono kwa mkono, unaufunga moshi ndani ya kanzu, unampasia wa pili. Waarabu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Ukishafukizwa jua umeagwa. Ijumaa msikitini mzee anapita safuni na kichupa cha mafuta mazuri, anakugusa mgongoni mwa mkono kwa kijiti, na kumkatalia ni utovu wa adabu. Mtu asiyenukia siku ya Ijumaa ndiye anayeulizwa ana nini.

Huku harufu ni siri ya mwili wako. Inatakiwa iishie kwenye kola. Mtu akikunusa kutoka mbali amekwishakanyagwa, na anayo haki ya kulalamika. Nimekuja kulielewa hilo, hasa kwenye lifti wakati wa baridi, watu sita wamevaa makoti mazito na dirisha hakuna. Kinachonikera ni kimoja tu: jirani zangu wanatia kwenye mashine ya kukaushia nguo vile vikaratasi vya kunukisha, na bomba linatoa ule mvuke hadi njiani, unapita mtaa mzima unanuka maua ambayo hayajawahi kuota popote duniani. Hiyo haiitwi harufu. Hiyo inaitwa usafi. Ubani uliotoka kwenye mti ndio unaoitwa harufu.

Basi Januari nikaenda nyumbani Unguja, na chupa mkobani. Nilikuwa na hamu ya kuvaa kama mtu huru. Siku ya pili, saa saba mchana, kaskazi imesimama na jua la kupasua kichwa, nikajipulizia mara nne zile zile nikapanda daladala la Mwanakwerekwe. Hatukufika mbali. Mama aliyekaa pembeni yangu akavuta ushungi wake mpaka puani, akageukia dirishani. Kondakta akauliza kwa sauti nani kabeba dawa. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, kichwa kilikuwa kinagonga.

Joto halisubiri. Zile tabaka ambazo Halifax zinakuja moja moja kwa saa nane, Unguja zilifika zote pamoja, oregano imempanda ubani mgongoni, ngozi na udi nyuma wanasukuma. Ndiyo kwanza nikaelewa kwa nini wazee wetu wanafukiza nguo jioni baada ya kuoga, wakakaa barazani penye upepo, badala ya kujipaka mwilini adhuhuri. Walikuwa wanalijua jua.

Nikaenda kwa shangazi, Michenzani, ghorofa ya tatu. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Akanusa kiganja, akanusa kifundo, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Udi upo," akasema. "Ubani upo. Na dawa ya tumbo ya mtoto imo. Nani kakupikia hii?"

Nikamweleza. Akauliza bei. Nikadanganya, nikataja robo yake, na bado akashika kifua. Mililita 100 za Interlude zinapita dola 300 za Marekani. Shangazi ndiye anayewapikia udi maharusi wa mtaa mzima: sukari anaiyeyusha kwenye sufuria mpaka ianze kubadilika rangi, anatia vipande vya udi na sandali iliyosagwa na marashi, anakoroga mpaka mkono uume, anamimina kwenye sinia. "Pesa hiyo mwanangu," akaniambia, "ningekufukiza mpaka uoe mara mbili."

Nitasema jambo ambalo ami hatalipenda: Interlude inavaliwa vizuri zaidi kwenye theluji kuliko Maskati au Unguja. Nyuzi 15 chini ya sifuri, puliza mara moja tu, kifuani, chini ya sweta, kisha koti juu. Baridi inaibana. Unatembea bandarini na kila ukiinamisha kidevu inatoka kidogo, moshi na ngozi, kwa ajili yako peke yako. Kwa hiyo manukato ya Kiomani yamepata hali ya hewa yake katika mji usioyataka. Mimi huivaa Jumamosi na Jumapili. Ofisini siendi nayo, nimeahidi.

Na udi wenyewe? Nilijaribu mara moja kuufukiza ndani ya fleti. King'ora cha moshi kililia mpaka jengo zima likashuka chini na blanketi, Februari. Kopo la udi alilonipa shangazi limekaa tangu siku hiyo ndani ya kabati la nguo, sijalichoma tena, nimelifungua mfuniko tu.

Wiki iliyopita mkuu wangu wa kazi alikuwa nyuma yangu tukitundika makoti. Akasimama, akasogea karibu na langu, nikajua leo ndiyo leo. Akaniuliza ninafulia sabuni gani, maana lina harufu nzuri.

Nikamwambia ni sukari.