Majani ya mkoko hayachemshwi

Mwezi uliopita niliegemea ukuta wa korido ya hospitali moja hapa Kisumu, nimeshika karatasi ya maabara ya Mama. Mkojo wake ulikuwa umewekwa maabara siku mbili ili bakteria waliomo waote. Chini ya jina la bakteria kulikuwa na orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi moja: R, R, R, R. R maana yake bakteria wameizoea dawa hiyo. Nikatafuta S, yaani dawa ambayo bado inawaua, kwa kidole, kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Zilikuwa mbili, zote za sindano.

Jioni ile mtu akatuma kwenye grupu letu la mtaa: "Mkoko unaua bakteria sugu, chemsha majani unywe." Nilikasirika kupita kiasi, nakiri. Mwingine akadakia kwamba mambo ya kutafuta dawa kwenye kuvu za mkoko ni upuzi mtupu. Wote wawili wamekosea, ila wa kwanza ndiye wa kuogopwa.

Kinachotafitiwa si mti wenyewe. Ndani ya jani la mkoko huishi kuvu ndogo mno ambazo haziudhuru mti. Watafiti huliosha jani, wakalichovya kwenye spiriti na Jik ili kuua kila kilicho juu, wakalikata vipande na kuvilaza kwenye sahani ya kuoteshea. Siku kadhaa baadaye, nyuzinyuzi huchungulia kwenye kingo zilizokatwa. Kuvu hiyo huoteshwa peke yake, kemikali zake zikatolewa na kujaribiwa juu ya bakteria. Sasa sufuria ya jikoni itafanya lipi katika hayo? Na kuua bakteria kwenye sahani si ajabu, hata Jik inawaua. Kazi ni kupata kitu kinachoua bakteria kikamwacha mgonjwa salama. Kemikali nyingi hukwama hapo, na nyingine hugundulika kuwa zilishajulikana zamani.

Kwa yule wa pili nina jibu fupi. Sindano aliyoandikiwa Mama ni seftriaksoni. Ukoo wake wa dawa ulianzia kwenye kuvu ambayo Giuseppe Brotzu, daktari Mwitaliano, aliipata mwaka 1945 baharini huko Cagliari, kisiwani Sardinia, pale bomba la maji taka lilipomwaga uchafu. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliingia sokoni mwaka 1964. Karibu miaka 20, kutoka maji ya choo hadi kichupa!

Kwa hiyo mikoko ya Lamu na Gazi, huko pwani, ikifyekwa kwa mkaa na boriti, mimi wa huku ziwani pia nimeibiwa, hata kama sijawahi kukanyaga tope lile. Serikali itie pesa kwenye maabara zetu wenyewe, na isiulize dawa iko wapi baada ya miezi sita.

Kwenye grupu niliandika mstari mmoja tu: msimpe mgonjwa chai hiyo. Mama amebakiza sindano tatu. Analalamika kwamba zinauma.