Diski ya Wote

Hebu niambieni jamani, gigabaiti 2 ni za kumpa mtu mzima mwenye mke na majukumu? Ndizo nilizokatiwa kwenye seva ya ofisi, ile kompyuta kuu ya kuwekea faili za wote. Kila nikitaka kuhifadhi faili, mashine yanijibu nafasi imejaa. Imejaa nini? Vocha za malipo na barua za wakubwa, basi!

Sasa ingia ile folda ya pamoja uone vituko. Mna harusi nzima ya watu, tangu usiku wa hina hadi bwana harusi kuteremka garini, tena imepigwa na kamera tatu na zote zimewekwa. Mna filamu za Kihindi. Mna mbuzi wa Idi, picha zao wakiwa hai na picha zao wakiwa biriani. Ripoti ya mwaka nayo imezaana humo humo: "ripoti mwisho", "ripoti mwisho kabisa", "ripoti mwisho kabisa usiguse", na "ripoti mpya ya bosi", ambayo ndiyo kongwe kuliko zote. Mwambie mwenye harusi atoe vitu vyake, akuangalie vile: "Ami, kwani si diski ya wote?"

Nikaenda kwa kijana wa kompyuta. Akanishauri niweke vyangu kwenye eskitopu, yaani humu humu kwenye mashine yangu. Haya, na bakapu, ile nakala ya akiba?

"Ah, eskitopu haichukuliwi bakapu, ami. Huchukuliwa vya kwenye seva tu, usiku."

Yaani harusi ya watu yalindwa kila usiku, vocha za serikali nimwachie Mungu! Na huo usiku wenyewe, bawabu akifunga milango huzima na swichi kubwa, ati stima ghali.

Mji huu wetu wa Mombasa ndio uliopokea nyaya za intaneti za chini ya bahari mwaka 2009, SEACOM na TEAMS. Hiyo TEAMS imetoka Fujairah, kule Uarabuni, imepita na mapapa huko, ikafika salama. Lakini faili yangu itoke ghorofa ya tatu iende ya kwanza, kwenye chumba cha seva! Kichwa cha waya kimeliwa na chumvi, kimeshikizwa kwa kijiti cha kiberiti. Bonyeza, nenda kaswali, pitia kahawa, urudi: asilimia 12.

Kijana akanisomea kanuni yao: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae nje ya jengo. Kanuni tamu, sikatai. Ya kwanza iko wapi? Kwenye seva. Ya pili? Diski ya nje, imelazwa juu ya seva hiyo hiyo. Moto ukiingia, zaondoka pamoja kama maharusi. Na ya tatu? Hiyo huchukuliwa na mhasibu wetu mzee kila Ijumaa, ndani ya kikapu, chini ya muhogo wa Marikiti, akavuka nayo feri ya Likoni. Siri zote za ofisi ziko katikati ya maji, zimebanwa na magoti ya abiria!

Jumatatu hii bosi akataka hesabu za mwaka jana, na kwenye seva hazionekani. Tukampigia mzee simu. Akatutuliza: diski ipo, haina neno, mjukuu wake anaangalia katuni.

"Ilikuwa imejaajaa," akasema, "basi akapunguza vile vifolda vya nambari nambari."