Mabadiliko ya Kirusi cha Homa ya Ini B: Kipimo Kinamsaidia Nani?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B mwaka 2022. Mwaka huohuo ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.1, wengi wao kwa ini kujaa makovu, yaani sirosisi, au kwa saratani ya ini. Hata hivyo, walio wengi kati ya wenye kirusi hawapati saratani hiyo maishani. Nani atapata na nani atanusurika? Maabara zinatuambia kwamba sehemu ya jibu imo ndani ya kirusi chenyewe, katika mabadiliko ya vinasaba vyake. Naamini sayansi hiyo ni ya kweli. Ninachokipinga ni kuigeuza kuwa kipimo cha kila mwenye homa ya ini B.

Kirusi hiki kina vinasaba vifupi mno, herufi 3,200 hivi (A, T, G na C) zilizofungana duara. Kinapozaliana hupitia kwanza umbo la RNA, kisha hurudishwa kuwa DNA na kimeng'enya kisichoweza kukagua makosa yake. Kwa hiyo makosa ni mengi, na yale yanayokisaidia kirusi kukwepa kinga ya mwili hubaki. Isitoshe, jeni zake zimelaliana, kiasi kwamba kosa moja linaweza kugusa jeni mbili kwa mpigo. Mfano maarufu ni nafasi ya 1762, ambapo A hugeuka T, na ya 1764, ambapo G hugeuka A. Nafasi hizo ziko katika eneo linaloongoza utengenezaji wa antijeni e, yaani protini ya kirusi inayopimwa kwenye damu, na papo hapo zimo ndani ya jeni ya X, ambayo protini yake huvuruga udhibiti wa seli ya ini. Yapo pia mapengo katika eneo la pre-S: kipande cha jeni kinapokatika, protini ya ganda la kirusi hurundikana ndani ya seli na kuielemea.

Ushahidi upo, tena si haba. Uchambuzi wa tafiti 43 uliochapishwa mwaka 2009, wenye washiriki zaidi ya 11,000, ulionyesha kuwa mabadiliko ya pamoja ya 1762 na 1764, na yale ya pre-S, yanaambatana na uwezekano wa saratani ulio karibu mara nne. Taiwan, ambako watu walifuatiliwa kwa miaka mingi kabla ya kuugua, ongezeko lilikuwa dogo zaidi, kama mara 1.7, baada ya umri, jinsia na wingi wa virusi kuzingatiwa. Huko Qidong, China, mabadiliko hayo yalionekana katika plazima, yaani majimaji ya damu, ya baadhi ya wagonjwa miaka kadhaa kabla ya saratani kugunduliwa. (Qidong, tukumbuke, ni eneo lililojulikana pia kwa sumukuvu kwenye nafaka, na sumukuvu ikikutana na kirusi hiki huzidisha hatari mara nyingi zaidi.)

Tofauti hiyo kati ya nne na 1.7 haipaswi kupitwa haraka. Tafiti nyingi huchukua wagonjwa ambao tayari wana saratani na kuwalinganisha na wasio nayo. Mwenye saratani kwa kawaida ameishi na kirusi kwa miongo mingi, ini lake limevimba na kupona mara kwa mara, na mabadiliko haya hujilimbikiza kadiri kinga inavyopambana. Je, mabadiliko yameleta saratani, au yanatuonyesha tu kwamba vita imedumu? Nadhani ni yote mawili, na hesabu za kitakwimu haziwezi kuyatenganisha kabisa, kwa sababu watu wengi hawajui waliambukizwa lini. Wanaotetea kipimo hujibu kwamba ishara inayotabiri vizuri ina faida hata kama si chanzo. Wana haki, ila ishara ya aina hiyo lazima ituambie kitu ambacho umri na hali ya ini havijatuambia tayari.

Kuna tatizo jingine: neno "mabadiliko" linabeba mambo yasiyofanana. Chukua nafasi ya 1896, ambapo G hugeuka A na kuzima kabisa utengenezaji wa antijeni e. Uchambuzi ule wa 2009 haukuyahusisha na saratani, na Taiwan waliokuwa nayo walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi. Ila ndiyo yanayoweza kumpotosha daktari, kwani kipimo cha antijeni e hutoka hasi huku virusi vikiendelea kuzaliana. Tena kwenye jenotaipu A, mojawapo ya koo za kirusi hiki zinazotofautiana kwa vinasaba, mabadiliko haya ni nadra, kutokana na umbile la vinasaba vyake. Takwimu nyingi tulizonazo zimetoka Asia Mashariki, kwenye jenotaipu B na C. Kumpa mwenye jenotaipu A au E namba za Taiwan ni kubahatisha.

Sasa tuingie maabara. Mtaalamu anatoa DNA ya kirusi kwenye plazima, anaizidisha kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, kisha anasoma mpangilio wa herufi. Matokeo hutokea kwenye skrini kama mistari ya rangi yenye vilele, kila kilele kikiwa herufi moja. Anafika 1762 na kukuta vilele viwili vimepandana, kirefu cha A na chini yake kifupi cha T. Je, hiyo T ni kundi dogo la virusi vilivyobadilika, au ni kelele za mashine? Kwa njia ya kawaida ya kusoma herufi, iitwayo Sanger, kundi lililo chini ya asilimia 20 hivi ya virusi vyote kwa kawaida halionekani. Mashine mpya zinazosoma nakala kwa maelfu huweza kushuka hadi karibu asilimia 1, lakini huko chini makosa ya PCR yenyewe huanza kufanana na mabadiliko halisi. Na mgonjwa aliyekwisha kuanza tenofovir, dawa ya homa ya ini B ambayo hushusha virusi hadi visionekane, mara nyingi hana hata DNA ya kutosha kuzidishwa.

Tuseme basi jibu ni sahihi. Litabadilisha nini? Miongozo ya ufuatiliaji hutumia kiwango cha asilimia 0.2 kwa mwaka: asiye na sirosisi ambaye hatari yake inazidi hapo anastahili ultrasaundi kila miezi sita. Tuchukue watu watatu wa kufikirika. Mwenye hatari ya asilimia 0.02, ukimzidishia 1.7, anafika 0.034, na bado yuko mbali. Mwenye 0.6 anastahili kufuatiliwa kwa vyovyote vile. Lakini mwenye 0.15 anaruka hadi 0.255, na hapo kipimo kimemhamisha upande. Hoja kwamba kipimo hiki hakina kazi yoyote kliniki inamsahau mtu huyu wa tatu. Yupo, mara nyingi ana wingi wa virusi wa wastani, vimeng'enya vya ini vinavyopanda na kushuka, na daktari asiyejua amweke kundi gani.

Hata hivyo, hatari ya msingi tunaweza kuikadiria kwa vitu rahisi. PAGE-B, hesabu ya alama za hatari ya saratani ya ini iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa walio kwenye dawa, inahitaji umri, jinsia na idadi ya chembe sahani za damu tu. WHO ilieleza kwamba hadi mwisho wa 2022 ni asilimia 13 tu ya wenye maambukizi sugu waliokuwa wamegunduliwa, na asilimia 3 hivi ndio waliokuwa kwenye dawa. Mwongozo wake wa 2024 umepanua kundi la wanaostahili tiba, na kadiri watu wengi zaidi wanavyotibiwa mapema, ndivyo kundi la katikati linavyopungua. Kununua mashine ya kusoma vinasaba mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani ni kuwatelekeza walio wengi.

Msimamo wangu, basi: watafiti waendelee, hasa kwenye jenotaipu zilizosahauliwa, na madaktari watumie kipimo hiki kwa wale wa katikati pekee. Na ripoti isiandike "mabadiliko yamepatikana" ikaishia hapo. Itaje jenotaipu, nafasi iliyobadilika, sehemu ya virusi iliyobadilika kwa asilimia, na kiwango cha chini ambacho njia iliyotumika inaweza kuona. Mgonjwa asipewe karatasi hiyo mkononi kabla ya kuelezwa na mtu anayejua kwamba si jibu la saratani, na kuambiwa tarehe ya ultrasaundi yake ijayo.