Kiingereza cha Mezani Kitatuua na Njaa

Mimi Kiingereza cha kazini sina ugomvi nacho. Dereva wa mradi miaka yote hii, kata kushoto naijua, nisubiri hapa naijua, ndege imechelewa naijua, na ukinitukana kwa Kiingereza nakujibu kwa hicho hicho. Ila kuna kingine, kile cha mezani, cha kukaribishana msosi, hicho jamani kimenishinda na nasema hadharani kabisa kwamba kilitungwa na watu walioshiba.

Anza na mwaliko tu. Bosi wetu Mwingereza, kwao Leeds, mtu mzuri hana neno, kaamua kutualika wafanyakazi na wenza wetu kwake Masaki. Meseji inaingia, njooni "7 for 7:30". Sasa hiyo ni saa au ni bei ya nyanya? Mhasibu wetu, huyo aliyesoma kule, ndo akatufafanulia kwamba unafika kuanzia saa moja, unapewa kinywaji unasimama nacho umezubaa, halafu saa moja na nusu ndo watu wanakaa mezani. Nikamwambia sisi kadi ikiandikwa saa kumi na mbili ukumbi unaanza kujaa saa mbili, bibi harusi anaingia anapotaka, na hajafa mtu. Chini ya meseji kuna swali, any dietary requirements? Nikajibu kwa heshima zote, yes please, rice and meat. Ofisi nzima imecheka na mpaka leo wanacheka, eti hapo unaulizwa kama una aleji ya karanga au kama huli nyama. Kosa liko wapi? Mtu kaniuliza mahitaji yangu ya chakula nimemtajia. Na wali siku hiyo ulikuwepo, na hao waliocheka waliula.

Halafu huyu bosi nimemwonea huruma ya bure kwa muda mrefu sana, kila nikimshusha jioni anasema anawahi kunywa chai yake, my tea, my tea, nami najisemea masikini, mshahara wote ule mtu analala na chai. Kuna siku mama watoto alimfungia chapati nimpelekee. Kumbe kaskazini mwa Uingereza huko kwao hiyo chai ndo mlo wenyewe wa jioni, nyama, viazi, na kila kitu, na dinner wengi wao wanaila mchana! Chapati alikula lakini.

Basi siku ikafika. Mama watoto akasema haendi kwa watu mikono mitupu, hakulelewa hivyo, mama yake Mkuranga katoa kuku tetea mzuri mweusi, kafungwa miguu kawekwa kwenye begi la shangazi kaja kichwa nje. Dereva wa teksi ya kuita kwa simu anagoma, anasema kuku hayumo kwenye rikwesti. Nikaongeza buku mbili. Kutoka Mbagala mpaka Daraja la Tanzanite kuku katulia, tulipofika juu ya bahari upepo ukamwingia akaanza kuhutubia na hakunyamaza tena mpaka getini.

Wenzetu wamekuja na divai na maua. Madam, mke wa bosi, kafungua mlango, kaona kuku, kashika mdomo, akasema "Oh, you shouldn't have!" Sasa mama watoto Kiingereza anakielewa vizuri tu, neno kwa neno, kasikia kwamba hatukutakiwa kumleta. Uso ukamshuka. Akarudisha begi. Madam naye anashukuru, keshashika kamba moja, huyu anavuta anaomba samahani, yule anavuta anasema how kind, how kind, kuku katikati analia. Mhasibu ndo akaja mbio kumwambia mama watoto, shem muachie, hapo anashukuru huyo. Mtu anashukuru kwa kukwambia hukutakiwa! Sisi tunasema ahsante na yanaisha.

Tukakaa mezani. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Mimi nimekulia Nachingwea kwa bibi yangu, ukifungua mdomo kuongea wakati wa kula unakula kofi la mgongo kabla chakula hakijakupalia, hotuba ni baada ya kunawa. Wale wenzetu maongezi ndo chakula, msosi unaingia katikati kama matangazo ya biashara. Na wana tabia moja mbaya, wanakusubiri uweke tonge ndo wanakuuliza. Nimeweka kipande cha kondoo mdomoni, kina mshipa, nahangaika nacho, madam kageuka na tabasamu, so tell me, where did you grow up? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kichwa. Nikameza hivyo hivyo kizima, machozi yananitoka, nikaanza kumweleza habari za Nachingwea na mikorosho, akafurahi kweli, akauliza korosho zinabanguliwaje, nikaeleza kubangua, akauliza na zile karanga za wakoloni, nikaeleza ule mradi wa Waingereza wenyewe wa miaka ya 1940 uliokufa na matrekta yake. Kuja kutazama sahani za wote ziko nyeupe, yangu imepoa na mchuzi umeganda. Kumbe wanapokezana, mmoja akiongea wengine wanatafuna! Hakuna aliyeniambia zamu zinakwendaje.

Lakini hata hilo ningesamehe. Lile la bakuli silisamehi.

Madam kanyanyua bakuli la viazi vya kuoka na nyama, vile viazi vyenye gamba la kukauka nje, navitazama navyo vinanitazama, akasema would you like some more? Nikasema no, thank you. Sasa hata mtoto wa chekechea anajua, ya kwanza unakataa, ni adabu, usionekane umetoka kwenye njaa. Ya pili unashika tumbo unasema aah nimeshiba kweli. Ya tatu unasema haya basi kidogo tu usije ukakasirika, unapakuliwa nusu sufuria. Madam akaniuliza ya pili, are you sure? Nikafurahi moyoni, nikasema yes, I'm sure, nikashika na tumbo kabisa, nikawa nasubiri ya tatu.

Ya tatu haikuja.

Bakuli likaondoka mbele ya macho yangu likaenda kwa mhasibu, mhasibu hata hakupepesa, yes please, akajipakulia mpaka likabaki mafuta. Chini ya meza mama watoto kanipiga teke kwenye ugoko kwa kile kiatu chake cha harusi, maana yeye alikuwa ananitazama mimi, mimi nikikataa na yeye inabidi akatae. Wale watu wanakuamini! Unasema umeshiba wanakuamini papo hapo, hawachunguzi, hawaapizi, hawakuulizi "au chakula changu kibaya?" Tulikunywa kahawa tukaaga, na saa tano ya usiku Rangi Tatu palikuwa na mama mmoja kavaa gauni la kitenge la kushonesha amesimama kwenye banda la chipsi, mkono mmoja kashika viatu mkono mwingine chipsi mayai, hanisemeshi.

Sasa desturi yao ukialikwa unatakiwa na wewe ualike. Haya. Kuku wa kienyeji wawili kila mmoja 25,000, mchele wa Kyela, viti vya plastiki kwa jirani, sahani za maua zikashushwa kutoka kabatini ambako zilikuwa zinakaa tangu tufunge ndoa. Tukawaambia saa moja. Wamefika saa moja na dakika tano! Mama watoto yuko na kanga ya kuogea, mimi nina ndoo, mtoto wa mwisho ndo kawapokea akiwa na kaptula peke yake akawakaribisha mpaka chumbani. Umeme ukakatika hapo hapo. Natafuta shimo la kujifukia, nawasha mshumaa mkono unatetemeka, madam anasema how lovely, candlelight. Wao mshumaa ni raha!

Mama watoto siku hiyo hakuuliza mtu would you like. Yeye ana mwiko. Bosi kamaliza pilau lake, kasema that was delicious, mwiko ukashuka. Akasema no, thank you, I'm full, mama watoto akacheka kabisa, maana keshajua hiyo ni ya kwanza. Mwiko. Na bosi kakuzwa kwamba kubakiza chakula cha mwenyeji ni kukosa adabu, kwa hiyo analazimisha, anamaliza, na kwa mama watoto sahani nyeupe maana yake ni moja tu, mgeni bado. Mwiko! Nimekaa katikati nawaona wote wawili wana adabu zao na wote wawili wanauana. Bosi jasho linamtoka, kafungua kifungo, akasema just a little, akaonesha kwa vidole hivi, akawekewa paja zima. Akanitazama mimi. Unadhani nilimsaidia? Nilikumbuka vile viazi. Nikamsogezea kachumbari.

Mama watoto kaja kuninong'oneza jikoni, masikini baba wa watu, huko kwake kumbe hali.

Mwisho bosi akajipiga mapajani kwa viganja vyote viwili akasema "Right!" Hiyo ndo kuaga kwao, Mwingereza akijipiga mapaja anaondoka, halafu anasimama mlangoni nusu saa nyingine. Tukawasindikiza mpaka kwenye gari na hotipoti la pilau, madam akasema mtakuja kwetu tena soon. Soon hiyo haina tarehe. Mama watoto kasuka kabisa, kila Jumamosi ananiuliza bosi kasemaje, na jirani mwenye viti kaninunia, eti mzungu kapita uchochoro wao mara mbili na hakuitwa hata kushika mkono.

Na ubaya zaidi watoto wamejifunza. Juzi usiku ni ugali na dagaa, mkubwa huyo wa darasa la sita kaangalia bakuli, kakunja shingo, no, thank you, daddy. Mama yake kataka kunyanyua mwiko nikamzuia, nikamwambia ngoja, twende kwa utaratibu. Nikamuuliza are you sure? Akasema yes, I'm sure, huku jicho liko kwenye friji anasubiri aletewe mayai. Nikavuta bakuli lake kwangu nikamaliza. Saa sita usiku namsikia jikoni anakwangua sufuria kwa Kiswahili.