Eti mimi ndiye mtulivu kuliko wote

Jamani kuna siku mashine ilinitangaza mtu mtulivu kuliko wote waliowahi kupita kwenye ile maabara, na wakati inanitangaza jasho lilishafika kwenye soksi.

Nilikuwa nasaidia kwenye utafiti wa saikolojia wa kupima HRV, yaani jinsi ule muda wa kati ya pigo la moyo na pigo linalofuata unavyobadilika-badilika, maana moyo wenye afya haupigi sawasawa muda wote, ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza, na anayeshika breki hapo ni neva ya vagasi. Msongo ukikubana hizo tofauti zinasinyaa. Sasa mshiriki wa siku hiyo hakutokea, profesa akanigeukia, "Basi keti wewe." Ungebisha?

Nikabandikwa vibandiko kifuani, jeli yake baridi usiombe, nikakaa zile dakika 5 za mapumziko, halafu nikasimamishwa mbele ya watu wawili wenye makoti meupe ambao hata kutabasamu wamekatazwa. Kipimo chenyewe cha kumtia mtu msongo kilitungwa Trier, Ujerumani, kikachapishwa 1993, na aliyekitunga nadhani alikuwa na hasira na mtu: unaanza 1022 unatoa 13, unatoa tena 13, kwa sauti, ukikosea unarudi mwanzo. 1009. 996. 983. Hapo kwenye 983 nilihamia kabisa. "Umekosea. Anza 1022." Sauti inatetemeka, ulimi mkavu, ikafika mahali hata 13 yenyewe siikumbuki.

Mateso yakaisha nikaambiwa nikae kimya dakika 5 nyingine, vibandiko bado vipo, moyo utulie. Mlango uko wazi nasikia shangwe chumba cha pili. Profesa kaangalia safu moja tu ya matokeo ya kile kipimo, RMSSD, yaani namba ya HRV inayosema kwa milisekunde muda wa pigo moja unatofautianaje na wa linalofuata, ikiwa kubwa wanasema umetulia, kaona 130 wakati watu wengi wakikaa tu wanacheza kwenye 20 hadi 70, basi kaita wenzake waje kushangaa, "Huyu vagasi yake si ya kawaida!", na mwingine anauliza eti huwa nafanya meditesheni. Mimi huku nafuta viganja kwenye suruali.

Aliyewaamsha ni dada mmoja msaidizi, kwa adabu zote, "Samahani prof, mbona mapigo yanasoma 190 kwa dakika?"

Kimya.

"Kwa hiyo katulia huku anakimbizwa?"

Wakafungua mchoro wenyewe wa umeme wa moyo, kitu ambacho mimi naona kinatakiwa kufunguliwa kabla ya kumwita mtu yeyote. Kila pigo lina mwiba mrefu, R, halafu nyuma yake kilima kidogo, T. Kibandiko kimoja kilikaa kombo, kilima changu kikatoka kirefu kama mwiba, programu ikakihesabu nacho ni pigo. Kwa hiyo pigo langu moja la milisekunde 630 likakatwa vipande, 250, 380, 250, 380, grafu nzima meno ya msumeno, na hiyo tofauti ya 130 ndiyo "utulivu" wenyewe! Na wala haihitaji fujo kubwa hivyo, kwenye mapigo 350 ya dakika 5 programu ikiruka pigo moja tu, RMSSD ya 40 inapaa mpaka sabini na kitu, mtu anapewa afya ya bure.

Wakafuta vilima vyote, wakapiga hesabu upya. 14.

"Aa," profesa kasema, "kumbe alikuwa anakufa."

Hapo mimi sikujiweza, nikaangua kicheko kile cha kukata pumzi, na kicheko kinavuruga upumuaji na upumuaji ukivurugika HRV nayo inakwenda nao, kwa hiyo hata zile dakika 5 za mwisho zikaharibika. Dada akachungulia mlangoni, akanitazama, akaandika kwenye faili langu: "Kacheka. Tupa."