Fundisheni Dispose siku ileile mnayofundisha New

Darasa la Pascal, lugha ya kuandikia programu, huwa na kelele mpaka siku ya pointa. Kabla ya hapo vijana wanabishana kuhusu if na while, wanatambiana nani programu yake imekubali mara ya kwanza. Ikija ile alama ya kofia, ^, kila mtu anainamia daftari lake. Halafu utamsikia mwalimu akisema hapa ndipo wanapojulikana wenye vichwa. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Pointa yenyewe ni jambo la nusu saa. Kinachowashinda watu ni swali linalokuja nyuma yake, ambalo madarasa mengi yanaliruka: kumbukumbu ya kompyuta uliyoiomba kwa New, nani anairudisha kwa Dispose, na lini?

Tumalize pointa kwanza. Pointa ni kigeu kinachobeba anwani ya kitu kilichopo kwenye kumbukumbu, si kitu chenyewe. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Kwa sisi wa Mwanza lilikuwa jambo kubwa, maana ukipanda Mabatini au Igogo nyumba zimejipenyeza kati ya majabali na njia hazina mpangilio wowote. Zamani ulikuwa unamwelekeza mgeni kwa miamba na magenge ya nyanya. Sasa una namba. Unaiandika kwenye karatasi, unampa, karatasi inaingia mfukoni na nyumba inabaki mlimani. Karatasi mbili zenye namba moja hazifanyi nyumba mbili. Aliyefuata karatasi ya kwanza akipaka ukuta rangi ya bluu, wa karatasi ya pili naye atakuta bluu. Nyumba ikibomolewa, karatasi haina habari. Na karatasi ikipotea, nyumba bado imekalia kiwanja chake. Mfano unaishia hapo, kwa sababu Mabatini ukipotea utamuuliza jirani. Kwenye kompyuta hakuna jirani.

Kwa Pascal mambo hayo yote yanaandikwa hivi:

type
  PMzigo = ^TMzigo;
  TMzigo = record
    aina: string[20];
    kilo: Integer;
    ufuatao: PMzigo;
  end;

var
  p: PMzigo;

New(p);
p^.aina := 'sangara';
p^.kilo := 42;
Dispose(p);

Herufi p peke yake ni anwani. Ukiweka kofia baada yake, p^, unamaanisha kitu chenyewe kilichopo kwenye anwani hiyo. Angalia pia kwamba PMzigo imetajwa kabla TMzigo haijaelezwa. Pascal kwa kawaida haikuruhusu kutaja kitu ambacho hujakieleza, lakini kwa pointa imelegeza sheria, maana bila hivyo rekodi isingeweza kubeba anwani ya mwenzake. Hakuna kingine cha kujua kuhusu maandishi yake. Nusu saa imekwisha.

Sasa, kwa nini ujisumbue? Chukua mtu anayeandika mizigo inayopimwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kuanzia alfajiri. Hajui leo itaingia mizigo mingapi. Akitangaza array, safu ya nafasi zisizobadilika idadi, yenye nafasi 500 kisha ikaja mizigo 501, programu imeshindwa kazi. Akitangaza nafasi 100,000 kwa ajili ya siku yenye mizigo 60, amekalia nafasi ya bure. Enzi za Turbo Pascal, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) iliyotoka mwaka 1983, kikwazo kilikuwa kikubwa zaidi: vigeu vyote vya jumla kwa pamoja vilibanwa ndani ya kilobaiti 64. Rekodi yenye jina la herufi 20 na kilo peke yake ilichukua baiti 23, kwa hiyo hata ungekuwa huna kigeu kingine chochote usingefikisha rekodi 2,900. Hipu, lile eneo la kumbukumbu ambamo New inakukatia nafasi, ndiyo iliyokuwa njia ya kutokea.

Hili la hipu na steki linapaswa kusemwa polepole kuliko linavyosemwa. Vigeu unavyovitangaza ndani ya procedure, kile kipande cha programu chenye jina lake, vinakaa kwenye steki. Procedure ikianza vinapata nafasi, ikiisha nafasi inaondoka yenyewe, wewe hujagusa kitu. Hipu haina tabia hiyo. New inakukatia eneo, na eneo hilo ni lako mpaka useme Dispose au programu ife. Procedure iliyoliomba inaweza kuwa imeisha zamani, kigeu p kimeshaondoka na steki yake, na eneo bado limeshikwa. Kwa hiyo kuna maisha mawili tofauti, maisha ya pointa na maisha ya kile inachokionyesha, na hayaishii pamoja. Kama kuna sentensi moja ningependa iandikwe ubaoni na isifutwe wiki nzima, ni hiyo.

Niklaus Wirth, Mswisi aliyeitoa Pascal mwaka 1970 akiwa Zürich, aliikusudia iwe lugha ya kufundishia, na pointa zake zilibeba kusudi hilo. Katika Pascal ya awali pointa ilipata anwani kwa New tu, au kwa kunakili kutoka pointa nyingine ya aina ileile. Hukuweza kuchukua anwani ya kigeu cha kawaida. Hukuweza kuijumlisha moja ukatokea kwenye eneo la pili. Alama ya @, inayochukua anwani ya kigeu, na mengine yaliletwa baadaye na akina Turbo Pascal, na wazoefu wanayahitaji, sikatai. Lakini kwa anayeanza, ule ufinyu ni zawadi. Ukishasema pointa ni ya TMzigo, kompaila inakukatalia kuielekeza kwenye namba tupu. Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024, na sikuona madarasa yetu yakimkumbuka, ingawa wengi wetu tuliingia kwenye fani kwa mlango wake.

Kuna nil pia, thamani ya pointa isiyoonyesha popote. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyefanya kazi pamoja na Wirth kwenye lugha ya ALGOL W, alisema mwaka 2009 kwamba kubuni rejeo tupu, ndiyo nil yenyewe, mwaka 1965 lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Kwa mifumo mikubwa huenda ana haki. Darasani mimi naitetea nil. Pointa yenye nil ukiifuata, kwenye mifumo ya leo programu inaanguka palepale, Free Pascal, kompaila ya bure, inakuandikia Runtime error 216, na unajua pa kuanzia. Pointa ya kuogopwa ni ile isiyo nil na isiyo na kitu: hujaipa thamani yoyote, imebeba takataka iliyokutwa kwenye steki, na siku nyingine takataka hiyo inafanana na anwani halali.

Turudi kwenye kurudisha kumbukumbu. Mazoezi ya wanafunzi yanakuja na makosa mawili, yaleyale kila mwaka. La kwanza linatokea wakati wa kurudisha orodha nzima, yaani rekodi zilizofuatana kwa anwani ya ufuatao:

while p <> nil do
begin
  Dispose(p);
  p := p^.ufuatao;
end;

Mstari wa pili unasoma ndani ya eneo ambalo mstari wa kwanza umekwisha kulirudisha. Kijana mmoja aliniletea hii, nikamwonyesha kidole, akanijibu, "Mwalimu, lakini kwangu inakubali." Na kweli ilikuwa inakubali! Dispose haifuti eneo na haikuwekei nil. Inatangaza tu kwamba eneo liko wazi kwa mwombaji mwingine. Kama hajatokea mwombaji, maandishi ya zamani yanaweza kuwa bado yapo. Ongeza mstari mmoja wa kazi nyingine katikati na programu hiyo inaweza kuharibika, au ikaharibika kwenye mashine ya mwenzako tu. Dawa yake ni ndogo. Weka anwani inayofuata kwenye pointa ya pili, q := p^.ufuatao, ndipo u-Dispose p, kisha p := q.

La pili halionekani kirahisi, na naona linatokana moja kwa moja na namna tunavyofundisha. Mwanafunzi anaandika procedure ya kutafuta mzigo kwenye orodha. Anatangaza pointa ya kutembelea kuanzia kichwa, yaani anwani ya rekodi ya kwanza, na kwa kuwa ameambiwa kila pointa lazima iombewe kumbukumbu kabla ya kutumika, anaandika:

New(p);
p := kichwa;

Eneo alilokatiwa sasa hivi limepotea. Hakuna pointa duniani inayolijua, hata Dispose haina pa kulikuta. Kwenye mashine ya biti 64, Free Pascal ikiwa kwenye modi yake ya kawaida, rekodi yetu ile inachukua baiti 32. Zoezi la darasani linatafuta mara tatu na kuzimwa, hakuna atakayehisi kitu. Programu inayoachwa imewashwa kutwa ikitafuta mara 10,000 imepoteza baiti 320,000, na kesho yake inaendelea kutoka hapo kama hakuna aliyeizima.

Kosa hili linamwonyesha mtu anayejua sintaksia vizuri. Ameweka kofia panapotakiwa, kompaila imeridhika, majibu ni sahihi. Hajawahi kuulizwa tu kama pointa yake ni mmiliki wa eneo au ni mpita njia. Pointa ya kutembelea orodha haiombi kitu na hairudishi kitu. Pointa inayoongeza mzigo mpya inaomba, kisha inaikabidhi orodha. Orodha ndiyo yenye wajibu wa kurudisha. Darasani kwangu sipokei procedure yoyote inayogusa pointa bila maelezo ya mstari mmoja juu yake yanayosema inaomba, inakabidhi, inaazima au inarudisha. Wanalalamika kwamba ni uandishi mwingi. Walalamike.

Na sioni sababu ya New kufundishwa Jumatatu halafu Dispose ikaachwa kwa ajili ya mada ya mwisho, wiki ambayo nusu ya darasa inajisomea mtihani mwingine. Vinaandikwa pamoja, kwenye zoezi la kwanza kabisa, hata kama programu ina mistari sita.

Free Pascal inakupa na msimamizi wa bure. Tafsiri programu yako hivi:

fpc -gh -gl mizigo.pas

Ikiisha kukimbia itakuandikia maeneo mangapi yaliombwa, mangapi yalirudishwa na mangapi yamebaki, na ile -gl inakuonyesha mstari ambao eneo lililobaki liliombwa. Sijui kwa nini chombo hiki si sehemu ya somo la kwanza. Kijana akiona mabaki ni sifuri anafurahi kama aliyefunga bao, na akiona tatu hatoki kwenye kiti.

Nikisema haya kuna anayenijibu kwamba siku hizi ni Python, nani anahangaika na kumbukumbu. Ni kweli Python ya kawaida inahesabu rejeo zinazoelekea kwenye kila kitu na kukiondoa hesabu ikifika sifuri, na ina mfagiaji wa pili kwa vitu vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe kwenye duara. Lakini inaondoa kisichoshikwa na yeyote. Ukiwa na orodha ya jumla unayoijaza kila ombi linapoingia na huipunguzi kamwe, Python itakutunzia takataka yako kwa uaminifu mpaka mashine ikwame. Mafaili uliyofungua na miunganisho ya hifadhidata nayo yanauliza lilelile: nani anafunga? Aliyepita kwenye Dispose analisikia swali hilo kabla halijamuumiza.

Wanaonijibu kwa lugha ya C nawapa heshima zaidi. C iko kila mahali na pointa zake zina nguvu. Ila humo mwanafunzi anapambana na kujumlisha anwani, na array zinazogeuka pointa, na malloc, ambayo ndiyo New ya kwao, inayotaka idadi ya baiti, yote kwa wakati mmoja, na swali la umiliki linazama chini ya hayo. Aende C baada ya miezi miwili ya Pascal. Nina hakika hatalalamika sana.

Pascal ya leo nayo ina mtego wake, lazima niuseme. Kwenye Free Pascal, string (maandishi) za kisasa zisizo na urefu maalumu na array zinazokua zinajihesabia rejeo zenyewe, hivyo huzirudishi kwa mkono. Ukiiweka string ya namna hiyo ndani ya rekodi ya hipu, Dispose inaishughulikia, kwa sababu inajua aina ya rekodi. FreeMem, amri nyingine ya kuachia kumbukumbu, haijui, inaachia eneo la rekodi na string inabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana kwa wanaoanza nabaki na string[20], ingawa jina refu la samaki linakatwa mwisho.

Mitihani ya pointa niliyoiona inataka mwanafunzi achore visanduku na mishale. Michoro ni mizuri, nami naichora. Lakini mimi ningempa kila mmoja programu ya mistari 80 inayokubali na kutoa majibu sahihi, pamoja na ripoti inayosema maeneo manne hayajarudishwa, saa moja na nusu, na swali moja: yako wapi, na nani alipaswa kuyarudisha?